Mstari wa Ndiyo

Mganga Grégoire alikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, na alivipenda kuliko wagonjwa wake wote. Mvua ikinyesha alivivua, akavikumbatia kifuani, akapita kwenye matope miguu mitupu kama sisi. Akifika kwenye baraza ya disipanseri alijifuta miguu kwa pamba ya Serikali, akavaa viatu, akatugeukia na kutuuliza kwa nini watu wa kijiji hiki ni wachafu.

Alikuwa mtu mweusi kama sisi, mzaliwa wa upande wa Kabambare, lakini alisoma shule ya waganga wasaidizi, na Wabelgiji walimpa kofia nyeupe ngumu na ufunguo wa kabati la dawa. Tangu hapo hakutaka tena kuitwa baba wala kaka. Alitaka aitwe Musyé, yaani Bwana kwa Kifaransa. Mtoto aliyemwita "baba Grégoire" alikaa na jipu lake hadi jua linazama.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara inayotoka Kasongo kwenda Kabambare, upande wa Lusangi. Bondeni kulikuwa na mbung'o, na mbung'o walituletea malale, ule ugonjwa unaomfanya mtu asinzie mchana na tonge la bukari mkononi, na mwishowe humwua. Dokta mzungu alikuja kutoka Kasongo akatupapasa shingo sote, wakubwa kwa watoto, kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. Waliokutwa na ugonjwa walipangwa mstari, na kila Jumatatu asubuhi walichomwa sindano. Asiyekuja alifuatwa na polisi, akafungwa. Sisemi kwamba sindano ilikuwa mbaya. Niliwaona kwa macho yangu watu waliokuwa wanasubiri kuzikwa wakirudi shambani. Nasema tu kwamba hakuna aliyetuuliza.

Mama mudogo Feza alikuwa mmoja wa waliokutwa nao. Alikuwa mdogo wa marehemu mama yangu, naye ndiye aliyenichukua nilipoacha shule. Alikuwa mjane, na alituweka hai kwa mikeka. Si mikeka ya kulalia tu. Alipika ukindu kwa gome jekundu, mwingine akauzika katika matope meusi ya mtoni, kisha akasuka mistari miwili, mwekundu na mweusi, inayofuatana, inakutana, inapishana, hadi mtu akitazama anafikiri mistari inatembea. Watu walitoka Nyangwe kuja kuitafuta. Hata wanawake wa Kiislamu wa mjini Kasongo, ambao hawasifu kitu cha kijijini kwa urahisi, waliitandika siku za arusi.

Siku ya kwanza ya sindano Dokta mwenyewe alisimama barazani, akasema Kifaransa, na Grégoire akatupa maneno yake kwa Kiswahili.

"Dawa hii iko kali. Inaua malale, lakini kwa watu wengine inagusa macho. Kwa hiyo kila Jumatatu, mbele ya sindano, mimi nitauliza kila mutu, moja moja: macho yako iko namna gani? Ukiona ukungu, ukiona vitu vinacheza, unasema. Sindano inasimama, unapewa dawa ingine. Hii ndiyo sheria."

Dokta aliitikia kwa kichwa akaingia garini. Grégoire akabaki, akaongeza maneno yake mwenyewe. Alisema kwamba shuleni waliapa. Alisema mganga anajua mambo ya watu ambayo hata padri hayajui, na kwamba siri ya mgonjwa inaingia hapa, akajigonga kifuani, na haitoki. Alijigonga kwa nguvu, vifungo vya koti vikalia. Sisi tulimwamini. Mtu akiwa na kofia kama ile, unafikiri chini yake kuna kitu.

Jumatatu ya kwanza aliuliza kila mtu, moja moja. Jumatatu iliyofuata jua lilikuwa kali na viatu vilimbana. Akasimama juu ya ngazi, akauliza mstari wote kwa mara moja:

"Macho iko muzuri?"

Kapita, msimamizi wa mstari, akainua fimbo yake, na watu wote wakapaza sauti:

"Ndiyo, Musyé!"

Grégoire alifumba macho akatabasamu, kama mtu aliyepigiwa kinanda cha kanisani. Tangu siku ile hakuuliza tena kwa njia nyingine.

Labda mtu wa leo atasema, kwa nini mlijibu ndiyo? Tulijibu kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kusimama. Katika katekisimu tulijibu wote pamoja. Kwenye pamba, karani alipouliza kama tumeridhika na mizani, tulijibu wote pamoja. Kila mstari ulikuwa na ndiyo yake, na fimbo ya kuiinulia. Hatukujua kwamba mstari unaweza kuwa na neno lingine.

Siku moja mama mudogo alikuwa kwenye kivuli cha nyumba anasuka, na jirani yetu Subira akapita na sinia la vitumbua kichwani. Subira alikuwa Mwislamu wa Kasongo aliyeolewa kijijini kwetu, na ulimi wake haukuwahi kupumzika. Alisimama, akatua sinia, akauinamia mkeka.

"Ee Feza, huu ni mukeka ao ni nywele za kichaa?"

"Pita na vitumbua vyako."

"Nasema kweli! Tazama hapa. Mweusi umeingia kwa mwekundu, mwekundu umepotea. Ulikunywa nini asubuhi?"

Mimi nilikuwa nachambua majani ya sombe. Nilitazama. Mistari iliyokuwa inatembea kama watu wenye adabu sasa ilikuwa imegongana. Mama mudogo aliupapasa mkeka kwa vidole, akarudia, kisha akaniita kwa sauti ndogo.

"Apolline, huu uzi niko nao mukononi, rangi gani?"

"Mweupe, mama. Haujapikwa."

Akaacha mikono ianguke mapajani. Subira akaacha kucheka.

Ndipo akatuambia. Kwa majuma kadhaa sasa vitu vilikuwa vinamcheza pembeni, kama joto juu ya barabara. Kisha ukungu ukaja. Sasa, akitazama mbele, aliona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Mtu akisimama upande wake, hayupo.

"Na Jumatatu ulijibu ndiyo?" Subira akauliza.

"Na wewe ulijibu nini?"

Subira akachukua sinia, akaliweka kichwani, likayumba, akalishika. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba yeye pia alilitafuta kwa mikono kwanza.

Kesho yake nilimsindikiza mama mudogo kwa Grégoire. Mimi ni mtu ninayeshindwa kusalimia watu wakiwa wawili, kwa hiyo nilibaki mlangoni, lakini mlango ulikuwa wazi na nilisikia kila kitu. Grégoire alikuwa anapaka viatu mafuta ya mgonjwa, yale ya kupaka upele.

"Musyé, macho yangu inaona ukungu. Ulisema tuseme. Nimekuja kusema."

"Macho yako?" Hakuinua kichwa. "Jumatatu nyote mulisema iko muzuri."

"Tulisema wote. Sasa nasema mimi."

"Wewe ni nani, kusema peke yako?"

Akaweka kiatu chini, taratibu, akaanza kumweleza, kwa sauti ya mtu anayemwelewesha mtoto. Dokta alikuwa anakuja Jumatatu ile. Katika barabara yote, kutoka Kasongo mpaka Kabambare, mstari wa Grégoire ndio uliokuwa safi, hakuna mtu hata mmoja aliyelalamika macho. Dokta alikuwa amefurahi. Kulikuwa na nafasi kwenye lopitali ya mjini, nafasi yenye nyumba ya matofali na baiskeli. Je, Feza alitaka kuharibu kazi ya mtu kwa sababu ya ukungu? Ukungu ni wa asubuhi tu. Ukungu unaondoka.

"Musyé, ninasuka mikeka. Macho ndiyo shamba langu."

"Utasuka. Vipofu wengi wanasuka."

Maneno hayo aliyasema, na sijayasahau. Aliyasema akitafuta tambara la kupangusia kiatu.

Mama mudogo akasema, "Basi nitamwambia Dokta mwenyewe."

Hapo Grégoire akainua kichwa. Akacheka kidogo, bila sauti.

"Sema. Ukisema ya macho, na mimi nitasema ya chini. Unakumbuka mwaka jana ulikuja hapa na nini? Umesahau kisonono? Mimi sijasahau. Nitakieleza mbele ya mstari wote. André fundi naye iko kwenye mstari, ndiyo? Atafurahi kusikia anaoa nini."

Nilisikia mama mudogo akivuta pumzi. Kisha akauliza tu, "Na kile kiapo, Musyé?"

"Kiapo ni kwa wagonjwa wenye heshima."

Lazima nieleze. Mume wa mama mudogo alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Alirudi na shati jipya na ugonjwa ule, akampa mke wake vyote viwili, kisha akafa kwa homa. Mama mudogo alikwenda kwa Grégoire kwa aibu kubwa, amejifunika kikwembe hadi puani, na alitibiwa akapona. Hakumwambia mtu, hata mimi. Na sasa André, fundi wa cherehani aliyeshona kwenye baraza la duka la Mgiriki, alikuwa amekwisha kuzungumza na wajomba zetu. Padri alikuwa ametangaza ndoa mara moja kanisani. André alikuwa mtu mpole, mwenye kidole kilichojaa matundu ya sindano, na mama mudogo alipomsikia akipiga filimbi barabarani alikuwa anajifuta uso kabla hajafika.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi. Akinyamaza, Jumatatu atachomwa, na Jumatatu nyingine, hadi tundu la mlango lizibwe kabisa. Akisema, atasimama uchi mbele ya kijiji. Akikimbilia porini, polisi. Grégoire alikuwa amefunga milango yote kwa ufunguo mmoja, na ufunguo huo tulikuwa tumempa wenyewe, kila mtu kwa siku yake, kwa kunong'ona.

Nyumbani mama mudogo aliukunja ule mkeka uliogongana, akauweka juu ya dari. Jumapili kanisani Grégoire alikaa benchi la mbele, akaimba kwa sauti kuliko padri. Mama mudogo alimtazama kisogo wakati wote wa misa. Nilidhani anasali.

Jumatatu tulifika mapema. Dokta alikuwa bado. Ua wa disipanseri ulifagiliwa hata mchwa waliondoka, na kapita alivaa shati. Mstari wa wanawake ulikuwa huku, mstari wa wanaume ule, na katikati njia ya kupita Dokta. Grégoire alishuka ngazi kutufanyisha mazoezi.

"Macho iko muzuri?"

"Ndiyo, Musyé!"

"Chini sana. Dokta hataki kusikia wafu. Macho iko muzuri?"

"Ndiyo, Musyé!"

"Vizuri." Akapita mbele yetu, akitazama watu miguuni, na alipofika kwa mama mudogo akapunguza mwendo. "Na wewe Feza, macho iko muzuri?"

Mama mudogo akatoka mstarini hatua moja. Mimi nilikuwa nyuma yake na kikapu. Nilitaka ardhi inimeze, maana nilijua watu wote watatugeukia, na wakageuka.

"Mwaka jana," akasema, si kwa Grégoire, kwa watu, na kwa sauti ile aliyoitia wateja sokoni, "mwaka jana nilikuwa na kisonono."

Kapita akaangusha fimbo.

"Nililetewa na marehemu, Mungu amsamehe, toka Salamabila. Huyu alinitibu. Nilipona. Aliniambia nikisema ya macho kwa Dokta, naye atawaambia ya kisonono. Basi nimewaambia mimi. Sasa hana kitu. Macho yangu inaona ukungu, nusu ya watu hapa siwaoni, na sindano ya leo siitaki."

Kuku mmoja alivuka njia ya Dokta bila kuharakisha. Grégoire alifungua mdomo, na kwa kweli lilikuwa jambo zuri kumwona akiwa na mdomo wazi na hakuna kitu ndani.

Kisha Subira akacheka. Alicheka hadi akashika magoti.

"Kisonono tu? Mimi alisema atamwambia mume wangu nilikuja kuomba dawa nisipate mimba! Ee mama, miezi yote hii ninamulisha vitumbua vya bure, nafikiri ni mimi peke yangu!"

"Kwangu ni mtoto," akasema mwanamke mwingine nyuma, akiwa ameinamisha kichwa. "Mtoto wangu wa pili. Musyé alijua baba yake ni nani."

"Mimi anasema nina ukoma. Sina. Ni baka tu. Lakini nilimpa kuku."

Wakaanza kusema, mmoja baada ya mwingine, na upande wa wanaume pia. Mzee mmoja mwenye heshima zake, anayebeba msalaba siku ya maandamano ya kanisa, alisema kwa sauti kavu kwamba yake ni mambo ya kitandani, na kwamba alilipa jogoo wawili ili yasitoke. Watu walicheka, lakini si kumcheka yeye. Nilielewa pale kitu ambacho sikuwa nimekielewa. Nilidhani sisi ni wajinga tunaojibu ndiyo kwa sababu ya fimbo. Kumbe kila mmoja pale mstarini alikuwa ameshikwa mahali pake, kila mmoja akidhani ni peke yake. Ile ndiyo tamu iliyomfumba Grégoire macho ilitengenezwa kwa siri zetu, na kuku wetu.

"Nyamazeni!" Grégoire akapiga kelele. "Washenzi! Nitawafunga wote! Hayo ni mambo ya siri!"

"Haya!" Subira akampigia makofi. "Leo amekumbuka!"

Gari la Dokta likaingia.

Dokta alishuka akifuta miwani. Alikuwa mtu mrefu mwenye shingo nyekundu. Alikuwa ameisikia ndiyo yetu mara mbili kabla, zote mbili akiwa ndani ya gari, injini ikiunguruma, na zote mbili alipunga mkono akaendelea. Safari hii alishuka, nafikiri, kwa sababu ya ile nafasi ya lopitali. Alitaka kumtazama mtu wake akifanya kazi.

Grégoire akapanda ngazi. Kofia yake ilikuwa imekaa upande. Akauliza, na sauti yake ilikatika katikati:

"Macho... macho iko muzuri?"

Kapita aliiokota fimbo, akaiinua. Hakuna aliyejibu. Kapita akaishusha, akaiinua tena, kama mtu anayepampu maji kwenye kisima kikavu. Ndipo mama mudogo akasema, "Hapana." Na Subira, "Hapana." Na mzee wa msalaba, "Hapana," ingawa baadaye ilijulikana macho yake yalikuwa mazima kabisa. Alisema alichoka tu na lile neno lingine.

Grégoire akaanza Kifaransa haraka haraka. Sikujua Kifaransa, lakini nilisikia jina la Feza, nikamwona akishusha mkono kuonyesha tumbo lake na chini ya tumbo, na uso wake umejaa haya ya uongo. Alikuwa anasema. Hata baada ya siri kukosa bei, bado alijaribu kuiuza.

Dokta alimwita mama mudogo, akamsimamisha, akamwambia aitazame pua yake yeye Dokta, kisha akaleta kidole kutoka pembeni, polepole.

"Unaona?"

"Hapana."

Akakisogeza. "Unaona?"

"Hapana, Bwana."

Kidole kilikuwa karibu kugusa sikio la Dokta mwenyewe, ndipo mama mudogo akasema, "Sasa." Dokta akafanya hivyo kwa wengine. Watano aliwatoa mstarini, Subira akiwemo, akasema sindano yao imekwisha, watapewa dawa ingine mjini. Kisha akatugeukia, uso umekuwa mwekundu kama shingo.

"Kwa nini hamukusema?"

"Tulisema, Bwana," Subira akajibu. "Tulisema ndiyo."

Sijui kama Dokta alielewa. Nafikiri hakutaka kuelewa, maana angejikuta yeye mwenyewe ndani ya gari, anapunga mkono. Alichosema, na alikisema kwa Kiswahili ili tusikie jinsi anavyotujali, ni hiki: "Kipofu halimi pamba. Kipofu halipi kodi. Grégoire, umeharibu watu wa Serikali." Alisema umeharibu, kama mtu anayezungumza juu ya majembe. Akanawa mikono, akaondoka. Hakumwuliza mama mudogo jina.

Sasa mtu atataka kujua habari za André.

André alikuwa kwenye mstari wa wanaume, wa tatu kutoka mbele. Mama mudogo aliposema lile neno, André alitazama vidole vyake vya miguu, na aliendelea kuvitazama hadi gari la Dokta lilipoondoka. Siku zilizofuata filimbi haikusikika barabarani. Kisha akamtuma dada yake. Dada yake alikaa mwisho kabisa wa mkeka, kama vile mkeka una kisonono, akasema kaka yake hana neno baya, ila watu wanaongea.

"Mwambie asante," mama mudogo akasema. "Mwambie pia suruali ya mjomba aimalizie, alikwisha kupewa kitambaa."

Dada alipoondoka nilitaka kusema kitu cha kumfariji, lakini mimi na maneno hatupatani. Nikamletea maji. Akanywa.

"Unalia nini wewe?" akaniuliza.

"Silii."

"Macho yangu ndiyo mabaya, si masikio." Akanirudishia kikombe. "Mwanaume nitapata, nisipopata nitalala katikati ya kitanda. Lete ukindu. Lete ule mweupe tu. Rangi basi."

Dawa mpya ilimwondolea malale. Macho hayakurudi, lakini hayakuendelea kufa. Yalibaki pale pale, na lile tundu lake la mlango. Alijifunza kusuka mkeka mweupe mtupu, wenye mistari ya kuinuka ambayo mtu anaiona kwa vidole. Huwezi kuulinganisha na ule wa kwanza, na sitaki kudanganya kwamba ni mzuri zaidi. Ni mkeka.

Kabla ya mavuno tukasikia kwamba mkaguzi wa afya anatoka Kasongo kuja kuuliza habari za Grégoire, na kwamba atahitaji kusikia wagonjwa wenyewe. Siku moja mchana Grégoire akaja kwetu. Ilikuwa imenyesha. Viatu alivibeba kifuani, na kwa kuwa hakuna aliyemletea kitu cha kukalia, hakupata mahali pa kuvivalia. Alisimama uani na miguu yake ya matope, mirefu kuliko nilivyofikiri.

"Hodi, mama Feza."

Mama. Nilimtazama ili nione kama neno lile lilimchoma ulimi.

"Karibu," mama mudogo akasema, na mikono haikuacha kusuka.

"Mama, wewe unajua nilikutibu. Ule ugonjwa mwingine, nilikutibu ukapona, ni kweli? Na kwa malale, ni mimi nilikuchoma, leo uko muzima. Mkaguzi akiuliza kama Grégoire alikuchunga vizuri, utasema ndiyo. Neno moja tu."

"Nani anaongea?"

"Ni mimi. Grégoire."

"Uko wapi? Huko pembeni sioni. Sogea."

Akasogea. "Hapa?"

"Bado. Sogea upande wa jiko."

Akapita kwenye dimbwi, viatu kifuani. "Hapa, mama?"

"Apolline, unamwona mutu?"

Mimi, ambaye sijui kusema mbele ya watu, nilisema, "Hapana, mama. Sioni mutu."

"Rudi nyuma kidogo, Musyé," akamwambia kwa upole. "Rudi tena. Nenda pale kwa barabara, labda nikuone ukiwa mbali."

Akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka kwenye barabara, na pale akasimama kwenye matope akisubiri aambiwe kama anaonekana. Mama mudogo akaugeuza mkeka, akatafuta mwanzo wa mstari kwa kidole, akaendelea kusuka.